Redio Upepo ya Murusagamba

Barua ilisema hivi: Gaspari amejeruhiwa tumboni huko vitani, amelazwa hospitali ya misheni, na Jumatano saa nne asubuhi manesi watambeba hadi kwenye redio upepo aongee na mama yake. Basi Domisiana, mama yake, akafuma kitambaa wiki nzima, maua mekundu pande zote.

Redio upepo ya kijiji ilikaa ofisini, na kando yake kisanduku cha kupandisha umeme wa betri, chenye mapezi ya bati mgongoni. Jamani, kitu cha thamani vile kikae uchi? Ngara nzima, mwenye redio ana kitambaa chake. Jumatano Pancras, fundi, aliwasha mapema, akatoka kwenda chooni kuchimba dawa. Domisiana akakifunika kisanduku, akakaza pembe zote, akaketi kungoja. Hakuna aliyewahi kumwambia kisifunikwe.

Saa tatu na nusu ikaja harufu ya kuungua. Tap! Kimya.

Pancras aliingia mbio, akachomoa nyaya za betri. "Lo, mama! Umeziba!" Alifungua kisanduku, akamwonyesha kidude kidogo kilichobanwa kwenye mapezi.

"Hii transista ni swichi isiyo na mkono. Inawasha na kuzima umeme mara mamia kwa sekunde, ndiyo maana inapata joto, na mapezi yanalitoa. Joto likizidi inaharibika, haizimi tena. Umeme unapita tu moja kwa moja."

"Nyingine iko wapi?"

"Mwanza."

Domisiana alitazama saa ya ukutani. Saa nne. Saa nne na nusu. Aliona aibu, halafu hata aibu yenyewe ikaisha, akabaki ameketi hivyo hivyo, mikono mapajani. Kulia hakulia. Pancras alimsihi aende nyumbani, akaenda.

Jumamosi lori lililopitia Nyakanazi lilimshusha Genoveva, nesi wa hospitali ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmemzika lini?"

"Alhamisi, mama."

"Jumatano aliongea?"

"Aliongea. Tulimshikia kipaza sauti. Akasema, 'Mama, unanisikia?' Tukamwambia subiri, labda betri yao. Hakutaka kurudishwa kitandani. Alirudia hivyo hivyo mpaka saa sita: 'Mama, unanisikia?'"

"Nakusikia, mwanangu," Domisiana alijibu, kisha akaenda kumtilia mgeni uji.