Kano Moja ya Dole Gumba

Kwa mzee, fundi wa mahema, mtu aliyechoka na mkasi kabla ya adhuhuri alikuwa mvivu, basi. Na binti yake alikuwa anachoka saa tatu asubuhi, maturubai yakimtazama mezani. Mzee alishatangaza: akishindwa tena wiki hii, meza ya kukatia anapewa mdogo wake, yeye arudi kutoboa matundu ya kamba. Binti alikuwa radhi alale njaa kuliko kuiacha meza ile.

Akaenda hospitali. Daktari akamwambia ainue dole gumba, kisha akalisukuma chini kwa kidole kimoja. Likalala kama mgeni aliyeshiba. Akapiga picha ya ultrasound ya kifundo cha mkono, akaikodolea macho.

"Kano inayovuta dole kwenda nje, kwa watu wengi imegawanyika nyuzi mbili, hata tatu. Yako ni uzi mmoja, tena mwembamba."

"Yaani nimepunjwa, dokta?"

"Umeumbwa hivyo tu. Kufunga mkasi huna shida. Kuufungua mara elfu kwa siku, huenda ndiko kunakokumaliza. Sikuapii kwamba ndiyo sababu yote."

Njiani binti akawaza: miaka yote hii ameitwa mvivu, kumbe labda ni kwa ajili ya uzi ambao hata hauonekani.

"Umeandikiwa cheti cha uvivu?" mzee akamlaki.

"Baba, hebu lete dole."

"La nini?"

"Lete tu, silili."

Akalisukuma vilevile. Likalala. Mzee akakunja uso, akajaribu tena, akajikaza mpaka masikio. Likalala tena.

Wakatazamana. "Kata kidogo nione," binti akasema.

Mzee akakata. Kiwiko kikapanda, kikashuka. Dole lilikuwa abiria tu. Binti siku zote aliyaona yale madoido ya kizee, akashikilia ukataji aliofunzwa chuoni, ambako dole ndilo punda. Mzee naye aliamini ndio mtindo wa nyumba yao; hakuwahi kujiuliza umetoka wapi.

"Nimekuita mvivu mara ngapi?"

"Leo, au tangu nizaliwe?"

Mzee hakucheka. Akasimama nyuma yake, akamshika kiwiko kama anayemfundisha mtoto kuandika. "Inua hiki. Dole liache lifuate."

Mdogo mtu akachungulia mlangoni, mkanda wa kupimia shingoni, tayari kurithi.

"Usimzibie dada yako mwanga," mzee akamwambia.

Kipande cha kwanza kikatoka upogo. Mzee akakitazama, akakiweka kando, akamtandikia turubai jingine.