Kikohozi cha Daktari

Mwandishi mmoja wa hadithi za upelelezi alitoa vitabu kama kuku wa mayai, na fundi cherehani hakukosa hata yai moja. Njama zilikuwa zilezile: waziri anakufa ghafla, faili linapotea, na yule mwema kuliko wote ndiye nyoka. Ila fundi hakusoma, alisomewa. Wakati mikono yake ikihangaika na kitambaa, mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi, alikuja kila alasiri wateja walipopungua, akaketi juu ya robota la vitenge na kusoma. Kila mhusika alimpa sauti yake. Msaliti, akishafichuka, alipewa kikohozi kidogo, kikavu, kama mtu aliyepaliwa na unga. Mwandishi hakuandika kikohozi popote. Kilikuwa chao wawili tangu uchumba, maana mwanamume huyu hakumposa kwa maneno matamu. Alimposa kwa njama.

Sharti lilikuwa moja tu, hakuna kutangulia kusoma.

Siku hiyo walikuwa katikati ya kitabu kipya, na kila mtu humo alimshuku dereva wa waziri. Daktari wa waziri, mzee mpole, akaingia kutoa pole kwa mjane. Kinyozi akakohoa.

Mguu wa fundi ukasimama kwenye cherehani.

"Umenitangulia."

"Vumbi la nywele hilo, mke wangu. Limenikaa kooni."

"Apa."

"Naapa, sijasoma peke yangu hata mstari mmoja."

Akamwamini. Mumewe alikuwa mtu wa mizaha, lakini kiapo alikiheshimu.

Kinyozi alipokwisha kurudi kwenye viti vyake vya kunyolea, mdogo wake fundi akaja kujaribu gauni. Huyu fundi alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akamsuka, akamsomesha, akamshonea kila kilichomfunika. Mdogo mtu akapanda juu ya kigoda, dada mtu akapiga magoti kupima pindo, pini mdomoni.

"Dada, kile kitabu mmefika wapi?"

"Dereva kakamatwa," fundi alijibu kwa pembe ya mdomo.

"Maskini, dereva wa watu. Na yule daktari anavyojifanya," akasema mdogo mtu, kisha akakohoa. Kidogo, kikavu.

Fundi akazitoa pini mdomoni taratibu.

"Umekisoma lini?"

"Mimi na vitabu wapi na wapi, dada? Si nilisome..."

Neno likakatika. Chini ya kitambaa mwili wa mdogo wake ulikakamaa, na hapo fundi akakielewa kile kiapo. Kweli, mumewe hakusoma peke yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema utafanyaje ikiwa nguo yenyewe umeishona wewe. Iliuma. Angeambiwa wawili hao wameonekana mahali, angebisha. Kikohozi hakikumwachia pa kubishia.

"Vua," alisema. "Pindo nimelimaliza."

Kesho yake alasiri kinyozi akaja kama kawaida, akaketi juu ya robota, akatafuta ukurasa. Kama shemeji yake alikuwa amempa habari, uso wake haukuonyesha.

"Tulifika wapi, mke wangu?"

"Mimi nilifika kwa dereva. Wewe na mdogo wangu mlishamaliza."

Kitabu kikabaki wazi mapajani mwake.

"Soma," alisema fundi. "Ila leo usimwigize mtu. Nisomee kwa sauti yako mwenyewe."

Kinyozi akafungua mdomo asome. Kabla ya neno la kwanza kutoka, akakohoa. Safari hii hakusingizia vumbi.