Kifungo cha Mama Pole

Walimwita Mama Pole kwa sababu alisema "pole" kabla hajavuta unywele, si baada. Alikuwa msusi wa miaka mingi, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja katikati ya duka la dawa na kibanda cha fundi viatu: viti viwili mbele ya kioo kirefu, benchi la kusubiria, draya moja iliyonguruma kama ina kinyongo na mtu. Wanawake walikuja kusuka, lakini wengi walikuja kusema. Ukishakaa kwenye kile kiti, kichwa umekiinamisha, macho yanatazama mapaja yako mwenyewe, mdomo hufunguka bila kuombwa. Mama Pole alisikiliza, akaguna panapotakiwa kuguna, na hakuna aliyewahi kukutana na siri yake mtaani.

Ndipo alipoanza kusahau.

Mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha. Kitana kiko mkononi, naye anakitafuta kitana. Kisha siku moja alimpaka mteja dawa ya kulainisha nywele, akatoka kununua maji, akasimama kupiga soga na fundi viatu, mpaka mteja akatoka mwenyewe mbio, taulo mabegani, ngozi ya kichwa ikimwaka moto. Mama Pole akasema dawa ilikuwa kali mno, akabadilisha aina ya dawa. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa amesahau kabisa kuwa ndani kuna mtu.

Aliyegundua ni kitindamimba wake, kijana aliyefanya kazi ya kompyuta mji mwingine. Waliongea kwenye simu, mama akauliza mkwe wake anaendeleaje na ujauzito, akajibiwa, akamshukuru Mungu. Baada ya kitambo akauliza tena, kwa shauku ileile. Kijana akajibu tena kama vile hakuwa ameulizwa. Haikupita wiki akapanda basi, akampeleka mama yake hospitali, na daktari akawaambia maneno ambayo walirudi nayo nyumbani kimyakimya, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

"Acha kazi, mama," mwana akasema.

"Nikiacha nitakaa na nani? Na masufuria?"

Mwana akafikiri. Aliporudi safari nyingine alikuja na kijisanduku. Ndani mlikuwa na kitu cha duara kama kifungo cha koti, cha kubana kifuani, na kingine kidogo cha kuweka sikioni, kilichojificha vizuri chini ya kilemba. Akamweleza kwamba hiyo ni akili bandia. Inasikia, inaona, inakumbuka. Mtu akiingia itamnong'oneza ni nani na mara ya mwisho waliongea nini.

"Na wateja niwaambieje?"

"Usiwaambie kitu. Hakuna atakayejua."

Kwa muda kilifanya kazi ya ajabu. Mwalimu wa shule ya msingi aliingia, na sauti tulivu ikasema sikioni kwamba huyu ni mwalimu, mguu wa mama yake ulivunjika. Mama Pole akauliza, "Mguu wa mama unaendeleaje?" na mwalimu akafurahi kwamba kuna mtu anayejali. Muuza vitambaa aliulizwa habari za kesi ya shamba, hatua kwa hatua, mpaka akashangaa. Wakasemezana kwamba Mama Pole anazeeka kinyumenyume.

Katika siku hizo ndipo nesi alipokaa kitini. Alisema kwa sauti ya chini, akisukwa mistari ya kwenda kazini, kwamba amechoka na mumewe. Si kupigwa tu. Alichoka kusikiliza hatua za mtu mlangoni ili ajue leo kuna hali gani. Ameomba uhamisho, umekubaliwa, ni zahanati ya njia panda, mbali. Ataondoka na mtoto bila kuaga. Hata dada yake hajui.

Mama Pole akaguna, akamshika bega. Hadi jioni alikuwa ameshasahau. Kifungo hakikusahau.

Aliyekiona ni mwalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa, akainua macho kwenye kioo, akaona taa ndogo ya kijani ikiwaka na kuzimika kwenye kifua cha msusi.

"Mama Pole, hicho ni nini?"

Mama Pole hakuwa hodari wa kudanganya. Alisema ni kitu alicholetewa na mwanawe, kinamsaidia kukumbuka.

"Kinatusikia?"

"Kinasikia."

Draya ikawa inanguruma peke yake. Muuza vitambaa, aliyekuwa chini yake, akatoa kichwa. "Nywele bandia, kucha bandia, kope bandia," akasema taratibu, "na sasa akili bandia. Tutabaki na nini cha kwetu?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kifupi. Habari ikazunguka mtaa mzima. Fundi viatu akasema Mama Pole amehukumiwa kifungo cha nje, na watu wakaupenda utani ule. Wengine hawakutania. Walisema zamani kuta zilikuwa na masikio, lakini ukuta angalau haukufuati mpaka sokoni. Walisema maneno yanayoingia mle hayakai mle. Yanakwenda kwa watu wasiojulikana, na huko yanauzwa. Hakuna aliyekuwa na hakika, na kutokuwa na hakika ndiko kulikowatisha zaidi.

Nesi alikuja kufumua. Kichwa kikiwa nusu, akauliza bila kugeuka, "Yale niliyokuambia, yamo humo?"

Mama Pole alitaka kusema hapana. Lakini hakukumbuka aliambiwa nini, na aliona haya kuuliza. "Sijui, mwanangu," akasema.

Nesi alifunga kitambaa juu ya kichwa kilichofumuliwa nusu, akatoka. Siku chache baadaye ikasikika kwamba amehama na mtoto, na mumewe hajui kaenda wapi.

Wateja waliobaki walikuja kwa sababu mkono wake ulikuwa bado mzuri, ila walikaa kama watu walio kwenye foleni ya benki. Waliongea habari za mvua na bei ya vitunguu. Mama Pole akaona kwamba sasa anakumbuka kila mtu, na hakuna anayemwambia kitu cha kukumbukwa.

Mume wa nesi alifika asubuhi moja, nguo zimepigwa pasi, sauti ya upole. Mwalimu alikuwa kitini, muuza vitambaa akisubiri kwenye benchi. Mwanamume aliwaamkia wote, akasimama karibu na kioo.

"Mama, nasikia una kifaa kisichosahau neno. Mke wangu alikuwa anakuja hapa. Ameondoka na mwanangu, nami nina wasiwasi nao. Niulizie. Mke wangu amekwenda wapi?"

Kifungo hakikusubiri kuulizwa mara ya pili. Swali kilikuwa kimelisikia. Sauti ikanong'ona kwenye sikio la Mama Pole, tulivu kama siku zote, ikitaja zahanati, ikitaja njia panda, ikitaja mtoto, na ikamalizia na yale ya hatua mlangoni.

Maneno yale yalimrudia kama maji yanayorudi bombani. Dakika moja kabla, mtu huyu angeweza kumhoji mpaka jua lizame asipate kitu, kwa kuwa hakikuwepo. Sasa kilikuwepo.

"Sikumbuki," akasema.

"Kiulize hicho."

"Baba, mimi ni mgonjwa. Ugonjwa wa kusahau. Daktari kasema utazidi. Hiki mwanangu kanipa kinikumbushe kumeza dawa." Akakibandua kifuani, akakiweka mezani kando ya vitana, akakifunika kwa kiganja. "Mkeo simkumbuki hata sura. Niwie radhi."

Mwanamume alimtazama. Aliwatazama na wale wawili, na wale wawili wakamtazama. Kisha akaaga kwa adabu ileile, akaenda zake.

Mwalimu akauliza, "Ilikuwa njia ya kumwondoa, au ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na nesi umemsahau?"

"Nilikuwa nimemsahau. Hiki kimenikumbusha sasa hivi."

Muuza vitambaa aliinama, akajishika mashavu. "Sisi tunasema umekuwa mpelelezi," akasema. "Kumbe unaumwa. Kwa nini hukutuambia?"

"Mngekuja kusukwa na mtu anayeweza kuwasahau chini ya dawa?"

Swali hilo baadhi ya wateja walilijibu kwa miguu: hawakurudi tena. Siwezi kuwalaumu. Waliobaki wakajiwekea utaratibu bila kuutangaza. Hakuna aliyepakwa dawa bila mwenzake kukaa naye. Kila aliyeingia alijitaja: mimi ni mwalimu, mama yangu sasa anatembea kwa mkongojo. Yakaanza kusemwa tena yale ya kusemwa kichwa kimeinama.

Mwana alipopata habari alikasirika. Alipiga simu akasema amejinyima kwa ajili ya kile kitu, na mama anakiacha kando kwa sababu ya maneno ya watu.

"Maneno ya watu ndiyo kazi yangu," mama akamjibu. Kisha, kwa kuwa hakutaka kumuumiza, akaongeza, "Barabarani nitakivaa. Juzi nilipotea kona ya tatu, kikanirudisha. Nyumbani pia. Hapa ndani, hapana." Mwana akauliza kama amekula. Hawakukubaliana kikamilifu, lakini waliendelea kupigiana simu.

Mwaka ulikwisha kabla nesi hajapita tena, akiwa safarini kwenda kumwona dada yake. Mwalimu alikuwa ameshamweleza kila kitu kwa simu. Nesi alikuwa amejiandaa kushukuru. Lakini Mama Pole alimpokea kwa tabasamu analompa mgeni, akakung'uta kiti.

"Karibu. Umewahi kuja hapa?"

"Zamani," nesi akasema.

Akakaa, akainamisha kichwa, na vidole vikaanza kugawa nywele utosini. Nesi akaanza mwanzo kabisa, taratibu: ndoa, hatua za mtu mlangoni, uhamisho, na jinsi alivyomwambia msusi mmoja peke yake, na mume akaenda kwa msusi huyo kuuliza.

Vidole vikasimama. "Huyo msusi akamwambia?"

"Hapana. Alisema hakumbuki."

"Alikuwa anakumbuka?"

"Wanasema siku hiyo alikuwa anakumbuka."

Mama Pole alilifikiria jambo hilo, akimtazama nesi kwenye kioo.

"Alifanya vizuri," akasema, akaendelea kusuka.