Gogo la Alfonsi

Asubuhi ile Alfonsi alikunywa chai yake ya rangi, akatoka nje, akakaa kwenye kigoda mbele ya gogo la mpingo, mikono magotini. Mafundi wenzake wa Keko, wa vitanda na makabati, walishaanza kupiga randa. Yeye akakaa tu. Wachongaji wa kwao Newala ndivyo waanzavyo: gogo halipigwi tezo mpaka mchongaji amwone aliyemo ndani. Lipo gogo la siku moja, lipo la wiki. Yuliana, mkewe, alishazoea, akawa anafagia na kumzunguka.

Ubaya ni kwamba ilikuwa saa ya kazi, na mwaka ule wazururaji walikuwa wakisakwa mji mzima. Mfaume wa mgambo, jirani yao, ambaye Jumapili hakukosa ugali wa Yuliana, akasimama mbele yake.

"Unafanya nini, ndugu Alfonsi?"

"Naangalia."

"Kuangalia si kazi, ndugu yangu."

Yuliana alitoka mbio na mwiko mkononi, akaeleza, akalia, lakini lori la mgambo lilishawashwa. Alfonsi akapelekwa kijiji kipya kule kwenye delta ya Rufiji, akakate boriti kwenye mikoko. "Amri ni amri, shemeji," Mfaume akasema. Jumapili hiyo hakuja kula. Walau aibu alikuwa nayo.

Masika yakaja, yakapita. Yuliana alimtamani mumewe, jamani, tena bila kuficha. Alikitamani kikohozi chake, na vumbi la mpingo shingoni mwake, na hata ule ukaidi wa kukaa kimya mpaka chakula kipoe. Kila asubuhi alilifuta gogo kwa kanga kuukuu.

Ndipo gari la sinema likaja uwanjani Temeke, likatundika shuka jeupe kwenye milingoti ya goli. Filamu ilikuwa ya Kihindi: chui milia wanakula watu katika msitu wa mikoko, na shujaa mwenye masharubu anawasaka kwa mtumbwi. Maneno hakuna aliyeyaelewa, wala hakuna aliyepitwa. "Nyuma yako, wewe! Geuka!" watu walipiga kelele. Chui wakaruka, wakatoka kwenye shuka, wakapita katikati ya watazamaji wakaenda zao Keko kunywa maji ya bomba. Watu wakasogeza miguu. Bibi mmoja alilalamika kwamba mkeka wake umejaa tope.

Yuliana hakuwa na habari na chui. Nyuma ya shujaa, tope magotini na shoka mkononi, alikuwa Alfonsi, anakata boriti. Mikoko ni mikoko. Akasogea mpaka mbele.

"Umekonda," akamwambia.

"Mbu hao. Na wewe hulali."

"Nilale na nani?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Alfonsi naye akacheka, akajifuta uso. "Gogo langu je?"

"Lipo. Nalifuta."

"Usimpe mtu. Nilishaanza kumwona."

Filamu ilirudiwa kila jioni, na kila jioni Yuliana alipitisha bakuli la kisamvu chini ya shuka. Alfonsi alikula nyuma ya mkoko wakati shujaa anaimba. Kisha zikaja habari kwamba kesho gari linakwenda Morogoro.

"Leo njoo," Yuliana akamwambia. "Chui wanatoka, wewe unashindwaje?"

Alfonsi akaweka shoka chini. Akavuka mkondo mbele ya shujaa, akatoa mguu mmoja nje ya shuka, akakanyaga mchanga wa Temeke. Yuliana akamshika mkono. Ulikuwa na chumvi, na joto lake lilelile.

Mfaume alikuwa zamuni pale uwanjani. Chui walishampita, naye aliwapisha.

"Ndugu Alfonsi," akasema kwa upole, "kibali cha kutoka kijijini unacho?"

"Sina."

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako!" Yuliana akafoka. "Mfaume, umekula kwangu!"

"Nimekula, shemeji. Ingekuwa mie peke yangu..." Macho akayainamisha, lakini hakuondoka pale aliposimama.

Alfonsi akaurudisha mguu. Vidole vyao vilichelewa kuachana. Shujaa akaoa, filamu ikaisha, shuka likakunjwa likiwa na unyevu.

Chui mmoja alikawia bombani, gari likamwacha. Asubuhi Yuliana alimkuta amekaa mbele ya gogo, miguu ya mbele pamoja, analiangalia. Pakawa ndipo makao yake. Mafundi humtupia vichwa vya samaki, na Mfaume akipita doria hupita upande wa pili wa njia.

Siku moja Yuliana alimaliza kufua, akavuta kigoda, akakaa kando ya chui, mikono magotini. Akaangalia alipokuwa akiangalia mumewe. Moyo ulimwuma sana. Baada ya muda akaanza kuona bega, kisha shingo iliyoinama.

Mfaume akasimama mbele yake.

"Shemeji, nakuomba, shika hata ufagio. Ni saa ya kazi."

Yuliana akainuka, akashika ufagio. Chui hakuulizwa kitu.