Msimu wa Mwisho wa Kocha Idella

Kocha Idella Krause aliambiwa Jumatatu asubuhi, akiwa amekumbatia kapu la jezi chafu, kwamba msimu ule ndio ungekuwa wake wa mwisho.

Aliyemwambia alikuwa Bwana Halvorsen, mkurugenzi wa michezo wa Chuo cha Pruett, mtu wa miaka thelathini na sita, mpole, mwenye adabu zake. Alimvizia kwenye korido ya nyuma ya ukumbi, karibu na mashine za kufulia.

"Kocha, una dakika mbili?"

"Nina jezi," Idella akasema. "Wewe sema tu, nakusikia."

Halvorsen alizungumza akiitazama sakafu. Timu ya mpira wa kikapu ya wanawake imeshinda mechi nne kati ya ishirini na tano. Wasichana hodari wanahamia vyuo vikubwa kila mwaka, na hilo si kosa la mtu. Hakuna anayemlaumu. Mwezi wa Aprili chuo kitamfanyia hafla nzuri ya kumuaga, watu wote aliowafundisha wataalikwa.

Idella alikuwa na miaka sitini na mmoja. Goti la kushoto lilikuwa linamuuma tangu Novemba, na wiki ile alikuwa amelala vizuri siku moja tu. Alijishangaa kwamba moyo haukumruka hata kidogo. Alihisi kama mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri, halafu akaambiwa dirisha limefungwa.

"Timu mnampa nani?" akauliza.

"Roxanne. Hatuleti mgeni, usiwe na wasiwasi. Alishakubali."

"Lini?"

Hapo Halvorsen akatambua kwamba ulimi umemponza. "Kabla ya Krismasi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani mmeshaongea."

Ilikuwa wiki ya tatu ya Februari.

Roxanne Teale alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wake; Idella ndiye aliyemfuata shambani kwao, majira ya baridi, akanywa kahawa na baba yake saa tatu nzima mpaka mzee akakubali kumwachia aje chuoni. Siku ya harusi ya Roxanne alikuwa amesimama karibu naye, na siku ya talaka vilevile. Kila asubuhi walikaa ofisi moja, meza zikitazamana, wakigawana kisahani kimoja cha biskuti. Miezi miwili huyu mwanamke alikuwa anakula biskuti na siri mdomoni.

Idella aliingiza jezi kwenye mashine, akamwaga sabuni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka ishirini na tisa. Alipoanza, wanaume ndio waliokuwa na ukumbi, wanawake walifanya mazoezi saa kumi na moja asubuhi kabla mitambo ya kupasha joto haijawashwa, na pumzi za wasichana zilikuwa zikionekana hewani. Hakuwa na msaidizi. Aliendesha basi dogo la chuo yeye mwenyewe, alifunga bandeji, alifua. Mumewe, Warren, alivumilia miaka saba kisha akamwambia bila hasira, "Idella, mimi naishi na ratiba, siishi na mke," akahamia kwa dada yake. Siku baba yake Idella alipozikwa, yeye alikuwa amenaswa na theluji pamoja na wasichana kumi na watatu, barabara imefungwa pande zote mbili. Wasichana wale walimwimbia. Hakuwahi kumsimulia mtu habari hiyo, kwa kuwa hakujua kama ilikuwa ya kusikitisha au ya kufurahisha.

Wiki ile hakumwambia Roxanne kwamba anajua. Alimtazama tu. Kwenye mazoezi Roxanne alipiga filimbi na kufoka kama kawaida, "Maggie, huo mpira au kipande cha sabuni? Ushike kwa mikono miwili, mama!" na wasichana wakacheka, na Idella akaona jinsi walivyomgeukia Roxanne kabla ya kumgeukia yeye. Lini hayo yalianza? Pengine zamani. Uchovu nao huficha mambo.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi mchana, ugenini, kwenye Chuo cha Marne, mwendo wa saa tatu. Watazamaji hawakufika mia mbili. Timu ya Marne ilikuwa juu katika kanda, na watu walitazamia Pruett ipigwe vibaya. Haikupigwa. Kirsten Vold, nahodha, alicheza kama aliyepagawa. Alifunga pointi ishirini na sita, akawabeba wenzake mpaka robo ya nne, na Idella, aliyekuwa amejiambia kwamba leo ataketi tu, akajikuta amesimama kando ya mstari akipiga kelele hadi koo likakauka.

Zikiwa zimebaki sekunde arobaini Kirsten akapata faulo ya tano, ile inayomtoa mchezaji. Akatoka uwanjani huku akivuta jezi kufunika uso. Benchi lilikuwa limekwisha. Wawili walikuwa na homa nyumbani, mmoja ana mguu kwenye plasta. Idella akamwita Nadine Stroebel.

Nadine alikuwa mwaka wa nne, anasomea uuguzi. Katika miaka minne alikuwa amecheza dakika ambazo hazikujaza hata mechi mbili kamili. Hakuwahi kukosa mazoezi hata siku moja. Aliinuka akavua fulana ya juu.

Sekunde saba, Marne wanaongoza kwa pointi moja, mpira wa Pruett. Idella akaomba muda. Wasichana wakamzunguka, majasho yakidondoka kwenye ubao mdogo wa kuchorea.

"Mpeni Maggie," Roxanne akasema, kalamu tayari mkononi. "Maggie anatokea nyuma ya Britt, anarusha. Ndiye mwenye shabaha."

"Maggie watamkaba wawili," Idella akasema. "Nadine hawamjui. Hakuna atakayemkaba."

"Kocha." Roxanne aliteremsha sauti. "Mtoto anatetemeka."

"Namwona."

Wakatazamana muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha Roxanne akamkabidhi kalamu, na Idella akachora.

Yakawa kama alivyosema. Wawili wakamrukia Maggie, Maggie akapasia pembeni, na Nadine akawa peke yake kama mti wa uwanja wa shule. Akarusha. Mpira uligonga chuma, ukazunguka mara mbili mdomoni mwa kikapu, ukatoka. Kengele ikalia.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Nadine alikuwa ameketi sakafuni, nyuma ya makabati, taulo kichwani. Idella alikuwa na maneno ya wakati kama huo. Ameyatumia miaka ishirini na tisa, na ni maneno mazuri. Safari hii yalimkataa. Alishuka polepole, goti likilalamika, akaketi karibu yake kwenye vigae vyenye maji.

"Kwa nini mimi, Kocha?" Nadine akauliza chini ya taulo.

"Ulikuwa wazi."

"Basi?"

"Basi. Ungetaka nikudanganye?"

Nadine akafikiri. "Nilidhani ulinihurumia."

"Mimi sina huruma za mechi," Idella akasema. "Muulize yeyote. Ulikuwa wazi, ukarusha vizuri, haikuingia. Sasa nisaidie kuinuka, maana peke yangu siwezi, nitalala hapa hadi Machi."

Nadine akacheka huku machozi yakimtoka, akamshika mikono miwili, akamvuta.

Walianza safari ya kurudi saa tisa na nusu, theluji ikianguka nyepesi. Idella aliendesha, Roxanne kando yake. Nyuma wasichana walikula mikate ya siagi ya karanga, kisha mmoja mmoja wakasinzia. Walipita maili arobaini za mashamba meupe kama ukurasa usioandikwa.

"Niliwaambia ndiyo," Roxanne akasema ghafla, macho mbele. "Kuhusu timu. Mwezi wa Desemba."

"Najua. Halvorsen aliniambia Jumatatu."

"Jumatatu?" Roxanne akageuka. "Wiki nzima umekaa nayo?"

"Wewe umekaa nayo miezi miwili, mama. Mimi wiki moja imenishinda."

Roxanne alifuta kioo cha dirisha ambacho hakikuwa na ukungu. "Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Halafu unaingia, umechoka, unashika kiuno, unauliza Britt anaendeleaje na mtihani wake. Nikashindwa. Waliniambia nikikataa watatafuta mtu wa nje. Hiyo ndiyo kweli, Kocha, sijitetei."

"Unajitetea."

"Basi najitetea."

Idella alipunguza mwendo penye daraja. Hasira alikuwa nayo, aliisikia kifuani, lakini ilikuwa imechakaa kabla ya kutumika. Alitaka kumuumiza na hakupata nguvu.

"Uliniumiza," akasema. "Si kazi. Kazi ni yako, ungeipata tu. Ungeniambia siku ile ile, ningekuchemshia kahawa."

"Nisamehe."

"Sijui. Niulize mwezi wa Mei."

Roxanne alilia kimya hadi njia panda ya Pruett, na Idella alimwacha alie, kwa kuwa hakuona sababu ya kumzuia.

Hafla ya Aprili ilifanyika. Walikuja wanawake themanini na kitu, wengine na wajukuu, wakala keki, wakasema mengi. Idella aliketi kwa sababu ya goti, akawapungia. Mwezi wa Mei Roxanne hakuuliza, naye Idella hakujibu asichoulizwa. Goti lilipasuliwa Juni, na mtu aliyekuja kumfunga na kumfungua bandeji kila siku mbili alikuwa Roxanne, bila kuitwa, akilalamika njia nzima kwamba ngazi za nyumba ile ni za wazimu.

Novemba, mechi ya kwanza ya msimu mpya, Idella aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele kama watu wengine na kuketi juu kabisa. Hakuwahi kuuona mchezo kutoka pale. Wasichana walionekana wadogo, na makosa yao yalionekana yote kwa pamoja, kumi kwa wakati mmoja, na hapakuwa na hata moja lililokuwa lake kulirekebisha. Pruett walikuwa nyuma kwa pointi tisa wakati wa mapumziko. Chini kule Roxanne alisimama na ubao wake, shingo imekaza, kisha akainua macho kutafuta jukwaani.

Idella alimwinulia mkono. Akakaa dakika chache za robo ya tatu, akavaa koti, akaenda nyumbani kulala.