Ng'ombe wa Budeba Wafika Ilomba

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, wafanyakazi wa Shirika la Dawa za Mifugo, tawi la Mbeya, walijipanga uani pale Ilomba na kusoma Miiko Saba ya Shirika kwa pamoja. Miiko ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa kijani uliopigiliwa juu ya mlango wa meneja. Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka sabini na sita, na baridi ya Mbeya mwezi huo haina mchezo. Kila aliyefungua kinywa alitoa mvuke, hata ungedhani wafanyakazi wote sitini wanavuta sigara. Siwema Halfani, msaidizi wa maabara, alisimama mstari wa pili, viganja kavificha ndani ya mikono ya sweta.

Walikuwa wamefika mwiko wa nne, unaosema kwamba mfugaji ndiye bwana na Shirika ni mtumishi wake, Asukile wa getini alipofungua geti na ng'ombe wakaingia. Waliingia mmoja mmoja, bila mchungaji, wakajipanga nyuma ya wafanyakazi. Walikuwa thelathini na mmoja. Watu kadhaa waligeuka kuwatazama, kisha wakaendelea na mwiko wa tano, wa sita na wa saba, kwa sababu Miiko haikatizwi.

Siwema naye aligeuka. Aliona jambo moja tu: ng'ombe hawakuwa wakitoa mvuke. Walisimama kwenye baridi ile, pua kavu, na hewa mbele ya pua zao ilikuwa safi kabisa. Ng'ombe wale walikuwa wamekufa.

Kabla ya saa nne habari zao zilikuwa zimejulikana. Polisi wa Uyole alisimulia kwamba walipanda kutoka bonde la Usangu, wakapita Chimala na Igurusi, wakitembea upande wao wa barabara na kusubiri mabasi yapite. Daktari wa mifugo wa Shirika aliwapima akaandika kwamba walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, kati ya wiki tatu na tano zilizopita, na kwamba kwa sasa hali zao ni nzuri.

Asukile alikwenda maabara na daftari la wageni mkononi. Alikuwa mtu wa taratibu, na daftari lake halikuwa na nafasi iliyoachwa wazi tangu aajiriwe.

"Jina nimejaza, idadi nimejaza, watokako nimejaza," alisema. "Imebaki hapa: anayekuja kuonwa. Nimeandika wewe, dada Siwema. Naomba saini."

Siwema akamuuliza kwa nini yeye.

"Si wanatazama dirisha lako?"

Ni kweli, walikuwa wanatazama dirisha lake, wote, bila kupepesa. Siwema alitia saini. Kisha akaenda ghala la mapipa, upande wa pili wa uwanja, akijifanya anatafuta chupa, na alipochungulia mlangoni aliona vichwa thelathini na kimoja vimegeukia ghala.

Yeye alijua walichofuata. Mwezi Machi malori yalileta mapipa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa iliyokaa bandarini Dar es Salaam miaka miwili, juani na mvuani. Kazi ya Siwema ilikuwa kuipima. Aliichanganya na maji kama inavyoagizwa, akatia kupe kumi kwenye chupa, akawaacha hadi kesho yake. Kesho yake tisa walikuwa wanapanda ukuta wa chupa. Akapima tena kutoka pipa jingine, na jingine, halafu akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa: HAIFAI.

Meneja, Ndugu Edmund, alimwita akamkaribisha chai. Hakuwa mtu mkali. Miiko Saba aliitunga mwenyewe baada ya kuhudhuria semina, na kila aliposoma ule wa kwanza, unaosema ukweli kabla ya faida, machozi yalimlenga. Alimweleza Siwema kwamba majosho ya Usangu yote yako tupu, kwamba wafugaji wanalia, kwamba dawa hafifu inashinda ukosefu wa dawa, na kwamba lengo la robo mwaka halijafikiwa. Fomu ya pili ilikuwa imeshajazwa, INAFAA, ikingoja jina lake tu. Siwema alimfikiria mama yake, Mwanakhamisi, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha na hakuwa na mtoto mwingine. Akatia saini. Fomu ya kwanza aliiweka chini ya gazeti lililotandikwa kwenye droo yake, na tangu siku hiyo alikuwa akiifungua droo ile kwa ncha za vidole.

Sasa shingo ilianza kumwasha. Alijikuna mchana kutwa, na nyumbani alimwomba mama yake amkague kisogoni. Mwanakhamisi alipapasa kwa vidole, akasema hakuna kitu. Kisha alimuuliza ameapa nini tena huko kazini. Siwema akajibu kwamba ni Miiko tu, ile ya kila Jumatatu.

Siku ya tatu alifika mwenye ng'ombe. Aliitwa Budeba, Msukuma mrefu aliyehamia Usangu kutoka Maswa na familia nzima miaka minane iliyopita, akifuata malisho. Alishuka kwenye basi na fimbo yake na shuka mabegani, akamsalimu Asukile, akaandikwa, kisha akawaendea ng'ombe wake. Alimpitia kila mmoja, akamshika pembe, akamwita jina. Walimwacha awashike, lakini hawakumtazama yeye.

Alipomaliza alisogea dirishani kwa Siwema. Siwema alitoka, akamwamkia shikamoo, wakasimama ukutani penye jua.

Budeba alimweleza kwamba alikuwa akiwaogesha kila wiki bila kukosa. Alikuwa wa kwanza josholini kila Jumamosi. Lakini kupe walikuwa wakitembea juu ya ngozi ikiwa bado inachuruzika dawa, na yeye alidhani macho yake yamezeeka. Akamwonyesha jike mmoja mweupe mwenye baka la kahawia. Huyo, alisema, alikuwa wa mahari ya binti yake Kalista. Alikufa wa mwisho, na alikufa amesimama.

"Sikuja kudai," Budeba alisema. "Waliokufa wamekufa. Ila pale kijijini bado kuna ng'ombe wa jirani yangu Shigela, hamsini na wanne. Lori lenu linaleta mapipa mengine Jumamosi. Niambie, mwanangu, mle ndani mna nini?"

Siwema alisogea karibu naye. Alitazama huku na huku. Wenye kutazama walikuwa ng'ombe tu.

"Mna maji," alisema. "Yana harufu ya dawa, lakini ni maji."

Budeba aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Alisema hilo alilijua. Tatizo ni kwamba msimamizi wa josho hasikilizi mtu, anasikiliza karatasi yenye muhuri. Bila muhuri, Jumamosi ng'ombe wa Shigela watatumbukizwa kama kawaida. Siwema alikwenda kwenye droo, akaitoa fomu ya kwanza chini ya gazeti, akamletea. Budeba hakujua kusoma, lakini aliigeuza mbele na nyuma.

"Haina muhuri," alisema.

Muhuri ulikuwa kwa meneja. Siwema akaichukua karatasi, akamwomba Budeba asubiri. Alipanda zile ngazi tatu za kuingia ofisini, na alipoketi mbele ya Ndugu Edmund alisema yote kwa mkupuo mmoja: kupe tisa, fomu mbili, Budeba, lori la Jumamosi. Alisema karatasi ile isipopigwa muhuri, basi na jina lake lifutwe kwenye ile nyingine.

Ndugu Edmund aliisoma fomu kwa makini, mstari kwa mstari. Aliposhusha miwani macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndugu Siwema," alisema, "mwiko wa pili unazungumzia uwazi. Huu ndio uwazi wenyewe. Nakushukuru kwa niaba ya Shirika."

Alitoa jalada jipya kabatini. Akaandika juu yake UWAZI kwa kalamu nyekundu, akaweka fomu ndani, akafunga utepe, akalirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. Ufunguo akautia mfukoni. Kisha akamuuliza Siwema kama mama yake anaendeleaje na macho.

Siwema alirudi uani mikono mitupu. Budeba aliiona mikono ile kabla hajaambiwa neno, akajitanda shuka lake vizuri. Siwema akamwambia awakataze kwa mdomo. Amwambie Shigela, amwambie msimamizi, aseme amesikia kwa Siwema Halfani wa maabara.

"Watauliza, huyo Siwema Halfani ndiye nani?" Budeba alisema, bila ubaya. "Nao watakuta jina lake kwenye karatasi ya mapipa, lina muhuri."

Alipiga mluzi kuwaita ng'ombe wake. Alipiga mara tatu, mluzi ule waliolelewa nao. Hakuna aliyegeuza sikio. Budeba akawaacha, akapanda basi la jioni.

Ijumaa Siwema aliletewa karatasi za mapipa ya Usangu atie saini. Mapipa ya tawi la Iringa, lililokuwa Kihesa, nayo yalipitia mkononi mwake, kwa sababu tawi lile halikuwa na maabara. Siwema alisema mkono unamuuma. Ndugu Edmund alikuja mwenyewe kumpa pole, akamwambia asijisumbue. Shirika lilikuwa limeshaliona tatizo hilo la watumishi kuchoka, na limechonga saini yake kwa mpira. Akamwonyesha. Ilikuwa saini yake hasa, hata kile kimkia cha herufi ya mwisho anachokipandisha juu kilikuwepo. Karani wa ghala aliigonga kwenye wino, akapiga karatasi zote kwa dakika tano.

Jumamosi lori lilitoka. Siwema alikuwa amefika mapema na kusimama karibu na geti, akidhani huenda ng'ombe watalizuia. Hawakulizuia. Dereva alipiga honi mara moja, nao wakasogea pembeni kwa adabu, wakaacha njia, kisha wakarudi walipokuwa wamesimama. Hata Siwema alisogea.

Baadaye yalifuata mambo ya kawaida. Ulifanyika mkutano wa wafanyakazi kuhusu ng'ombe, ikaazimiwa kwamba Miiko Saba itafsiriwe kwa Kisukuma na ipelekwe Usangu pamoja na mapipa. Mpiga picha aliwapiga ng'ombe picha kwa ajili ya kalenda ya Shirika, na chini yake yakaandikwa maneno ya mwiko wa nne. Mafundi walisimika uzio. Wafanyakazi walizoea kupita katikati yao wakiwa na vikombe vya chai, na wengine waliwaanikia makoti kwenye pembe zao. Siwema hakuzoea. Alihamishiwa chumba cha nyuma kisichotazamana na uwanja, ng'ombe nao wakazunguka nyuma, na mafundi wakauhamisha uzio.

Wiki ya kwanza ya Agosti walifika ng'ombe wa Shigela, hamsini na wanne, hakupungua hata mmoja. Asukile aliwafungulia, akawaandika, akajaza nafasi zote bila kwenda kumuuliza mtu. Mafundi waliung'oa uzio wakausogeza mbele. Siwema alipandishwa cheo, akawa karani wa mifugo iliyofika, na watu walimpa hongera.

Mwisho wa mwezi huo ilikuja telegramu kutoka tawi la Kihesa, ikielekezwa kwake kwa cheo chake kipya: NGOMBE SABINI WA PAWAGA WAMEFIKA UANI. WANATAZAMA UPANDE WA MBEYA. WANAKULA NINI.

Siwema aliisoma akiwa amesimama, shingo inamwasha. Alivaa sweta akaenda posta mjini kwa miguu, akipanga njia nzima atakayoyasema. Anania wa dirisha la telegramu alimpa fomu na kumkumbusha kwamba za mashirika mwisho ni maneno kumi.

Siwema aliandika: HAWALI. JENGENI UZIO MPANA.

Anania alihesabu kwa ncha ya penseli, akamwambia yamebaki maneno sita, kama anayahitaji. Nyuma ya Siwema foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja alikohoa. Aliinama tena juu ya fomu. Kalamu ilikaa karatasini mpaka wino ukafanya doa. Kisha akaandika: WAKIGEUKA NIJULISHENI.

Yalibaki maneno manne, ambayo yangetosha kusema mapipani mna nini. Siwema aliiacha nafasi yake wazi, akaisukuma fomu chini ya dirisha.