Kukata kwa Magoti

Akilimali alikuwa hawezi tena kuinama, na kazi iliyomlisha ilikuwa ya kuinama. Mama Annonciata, mjane mwenye kilima cha mikaratusi pale Kirolirwe, alitaka kila mti ukatwe chini kabisa, kisiki kisizidi upana wa kiganja. Mkaratusi uliokatwa juu huchipua ovyo, na machipukizi yake huvunjwa na upepo au ng'ombe. Uliokatwa chini hurudi wenyewe, na baada ya miaka unavuna tena. Marehemu mumewe alimwachia kilima na masharti hayo, na hakuwa na nia ya kubadilisha chochote.

Akilimali hakukulia kwenye miti ya namna hiyo. Kwao Mpofi, upande wa Walikale, mti mkubwa wa msituni una mizizi iliyosimama kama kuta, mirefu kuliko mtu. Huwezi kuukata chini. Unafunga jukwaa la fito kuuzunguka, unapanda, unakata juu ya zile kuta ukiwa umesimama wima, na shoka linapita sambamba na mbavu zako. Alikata hivyo tangu ujana na mgongo haukumsumbua hata siku moja.

Kisha wenye bunduki wakapita Mpofi na kumtwika sanduku la risasi. Katikati ya msitu aliteleza kwenye gogo lenye utelezi, akaanguka kwa makalio, na sanduku likamfuata mgongoni. Walimwacha palepale, maana mtu asiyetembea hakuwa na kazi kwao. Alirudi akitambaa. Alipoweza kutembea, yeye na mkewe Elodie wakakimbilia Kitshanga, wakaishi kambini chini ya turubai. Elodie alikuwa mwenyeji wa huku Masisi aliyeolewa Mpofi, na mdogo wake Magloire ndiye aliyewapatia kazi kwa Mama Annonciata. Kazi ilikuja na nyumba, vyumba viwili vya mbao na bati juu, pamoja na kipande cha shamba la maharage. Asiyekata haishi pale. Mama alilisema hilo siku ya kwanza na hakulazimika kulirudia.

Miaka ya mwanzo alivumilia. Lakini umri ulipopita hamsini, mgongo ukaanza kumfunga kila alfajiri. Elodie alimgeuza kitandani kama gunia, akamketisha, akamvalisha buti. Akifika kilimani, pigo la kwanza la shoka lilimpiga yeye mgongoni kabla ya kuupiga mti.

Alijaribu mengi. Alifupisha mpini, ikawa lazima ainame zaidi. Alihamia mkono wa kushoto, shoka likateleza kwenye gome na kumkosa mguu kidogo tu. Alitanua miguu, akawa anarudi nyumbani nyonga zikiwaka moto. Mwisho akakata juu, usawa wa magoti, akitumaini Mama hatapita upande ule.

Mama alipita. Alikuja na fimbo yake, akakitazama kisiki, kisha akakikalia.

"Papa Akilimali, hii njo nini?"

"Kisiki, Mama."

"Kisiki ao kiti? Leta basi chai, nikunywe." Hakuwa anacheka. "Mimi sina shida na wewe. Lakini ukikata ingine ya hivi, utatafuta fasi ingine ya kulala."

Kesho yake Akilimali alikuja na gunia kuukuu, akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya mti, akapiga magoti.

Pigo la kwanza lilikuwa baya, na la pili halikuwa zuri. Ilimbidi ajifunze upya kazi aliyoifanya tangu akiwa mvulana. Shoka halikupanda tena juu ya kichwa. Lilianzia nyuma ya bega, likazunguka chini karibu na majani, mikono ikiliongoza tu na uzito wa chuma ukifanya kazi. Nguvu ilitoka nyongani, kidogo kidogo. Ukilivuta kwa pupa, mgongo unakukumbusha. Ukiliachia, linaingia. Jua lilipochomoza vizuri vibanzi vilikuwa vinaruka, na mgongo umenyamaza. Aliogopa hata kulifurahia jambo hilo, asije akaliharibu.

Magloire, aliyekuwa akikata upande wa pili wa mti, alisimama akaegemea mpini wake.

"Shemeji, uko unaomba muti ikusamehe?"

"Niko nakuombea wewe upate akili."

"Basi sema amina mbio. Baridi iko inauma."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Pastere. Akina mama waliokwenda mashambani walimwita kutoka njiani wamwambie awaombee mvua, na wengine waume wapya. Akilimali aliwajibu kwamba maombi ya waume yanasikilizwa Ijumaa tu. Visiki vilikuwa chini ya kiganja, na Mama Annonciata alipita na fimbo yake bila kukalia kitu.

Ila Magloire, pamoja na utani wake, aliona jambo.

"Muti ikianguka vibaya, utatoka namna gani?" aliuliza siku moja wakila mihogo. "Mimi niko na miguu. Wewe uko na magoti."

"Nitasimama."

"Hapana. Tupatane. Wewe fungua mudomo ya muti, ukifika katikati unasimama, unapanda kule kwenye jiwe. Mimi namaliza. Mgongo yangu ingali ya kijana, acha niinamishe."

Wakapatana hivyo. Akilimali alikata mdomo wa mti, yaani lile pengo la upande ambao mti utaangukia, na kuanza upande wa nyuma. Magloire akisema inatosha, anasimama na kupanda kwenye jiwe. Msimu mzima ulipita salama.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Akilimali hakumwambia mtu. Akikaa kwa magoti kwa muda kwenye majani yenye umande, miguu ilikufa ganzi. Mwanzoni vidole, baadaye nyayo, kisha kila kitu kuanzia magotini kwenda chini. Kila aliposimama alilikita shoka chini kama mkongojo, akageukia pembeni akijifanya anakagua makali, mpaka damu irudi. Alipiga hesabu yake mwenyewe. Akisema, Magloire atamkataza kupiga magoti. Asipopiga magoti, visiki vitapanda. Visiki vikipanda, watarudi chini ya turubai, na Elodie alikuwa ameapa kwamba harudi kule akiwa hai. Kwa hiyo alinyamaza.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ukungu ulikuwa bado kilimani. Mti ulikuwa mnene, umeegemea bondeni, na una kovu refu la zamani kwenye shina. Magloire alikuwa na furaha ya kuudhi, kwa sababu wazazi wa Astrid, msichana aliyetaka kumwoa, walikuwa wamekubali kumpokea mwishoni mwa mwezi.

"Pastere, wewe njo utatufungisha ndoa. Magoti yako ilishazoea."

"Nitamwambia Astrid akimbie angali na nafasi."

Walikata. Shoka la Akilimali lilikuwa linaenda vizuri kuliko siku zote, kila pigo ndani ya lingine. Magloire akautazama mti, akautazama mwegemeo wake, akarudi nyuma.

"Inatosha, shemeji. Simama."

Akilimali alituma amri miguuni na hakuna kilichojibu. Ilikuwa kama anaiamuru miguu ya mtu mwingine. Angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, nivute. Badala yake akasema, "Ngoja kidogo," akapiga tena, ili mikono ionekane ina kazi wakati miguu inarudi.

"Tulipatana nini?"

"Ngoja, iko inaenda vizuri."

Akapiga tena, na tena. Mti ukalia.

Mti wa Mpofi unapolia, unakupa muda. Kwanza unanung'unika juu huko, majani yanatikisika, na mtu anashuka jukwaani bila haraka. Mkaratusi ulioegemea hautoi muda. Shina lilipasuka kwa urefu, kufuata lile kovu, sehemu ya mbele ikaenda bondeni na ya nyuma ikapaa juu ya kichwa cha Akilimali, ikibaki imeshikwa na nyuzi chache. Aliitazama. Alitupa shoka, akajisukuma kwa mikono, akaangukia kifua.

Magloire alikuwa amekwisha kufika kwenye jiwe. Alirudi. Alimshika chini ya makwapa na kumtupa upande wa juu kama mtu anayetupa mzigo kwenye lori. Ndipo nyuzi zikakatika, na mti ukamwangukia Magloire mguuni.

Wanaume waliokuwa wakichunga ng'ombe ng'ambo ya pili walifika mbio. Waliunyanyua mti kwa fito, wakatengeneza machela, wakambeba mpaka barabarani, na kutoka hapo kwa pikipiki, amefungwa kati ya dereva na mchungaji mmoja. Akilimali alibaki ameketi. Miguu yake ilianza kuchoma kama sindano, ikirudi.

Alimkuta Magloire hospitalini baada ya daktari kumaliza kazi. Blanketi lilikuwa limelala bapa upande mmoja, pale mguu ulipopaswa kuwa. Elodie alikuwa kwenye benchi, akiangalia mikono yake.

"Juu ya nini haukusimama?" Magloire aliuliza.

"Miguu ilikuwa imekufa."

"Siku ile tu?"

Akilimali alimtazama mkewe, kisha sakafu. "Tangu mwanzo."

Magloire alilinyoosha blanketi upande ule uliolala. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikohoa.

"Ungeniambia," Magloire alisema. "Ningekata yangu na yako. Mama anaangalia kisiki. Haangalii nani amekata."

Akageukia ukutani. Hakumwita Pastere, wala shemeji, siku hiyo au siku iliyofuata.

Mama Annonciata alipanda kilimani kuona. Kisiki kilikuwa kimepasuka vibaya, hakitachipua. Hakufoka. Aliwaacha wakae mpaka mwisho wa mwezi, kisha akaleta wakataji wengine, na wakataji wanahitaji nyumba.

Gharama ya kunyamaza kwa Akilimali ni hii. Mguu wa kulia wa Magloire, kuanzia juu ya goti. Astrid, ambaye wazazi wake walituma ujumbe kwamba kilima hakilimwi kwa mguu mmoja. Nyumba ya vyumba viwili na bati lake. Maharage, yaliyokuwa yametoa maua na yakavunwa na wengine. Elodie, aliyerudi chini ya turubai Kitshanga pamoja na mdogo wake wa kumuuguza, na ambaye bado humvalisha mumewe buti kila alfajiri, lakini hasemi naye.

Mgongo wa Akilimali haukupata hata mkwaruzo.